Daftari la Mweka Hazina

Tukuyu mvua haipigi hodi.
Inaingia Darasa la Tatu kama mtoro
aliyekumbuka saa nne kwamba leo kuna uji,
inakaa palepale, dawati la nne, upande wa dirisha.
Mwalimu Kyando amekwishazoea:
anasogeza watoto, anasogeza ndoo,
anaendelea na kuzidisha kwa saba.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Ni mweka hazina.
Nilikabidhiwa daftari la mistari, kalamu mbili,
na kopo lililokuwa la biskuti.
Naandika:

Gwantwa, muuza ndizi, stendi: mia tano.
Gwantwa tena, wiki iliyofuata: mia tano.
Mzee Ambakisye: beberu mmoja
(amerudishwa, ana upele).
Vijana wa bodaboda: mchanga, tripu mbili,
ya pili nusu.
Mtoto wetu aliyeko Dodoma, yule mwenye suti: "Natuma kesho."
Hiyo kesho nimeiandika kwa penseli.

Halmashauri tumeiandikia barua nne.
Ya kwanza ikajibiwa: tumepokea barua yenu.
Ya pili: rejeeni jibu letu la kwanza.
Ya tatu akaja mhandisi, kijana mpole, viatu vyeupe,
akapima kuta, akagonga nguzo, akatikisa kichwa,
akala ndizi kwa maziwa mgando,
akaondoka na vipimo vyetu.
Ya nne bado iko njiani. Kutoka hapa hadi bomani
ni mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma.

Wala si shule peke yake.
Dari ya zahanati imebonyea kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba,
mlango wa ofisi ya kata unafungwa kwa jiwe.
Kila jengo la umma lina mvua yake.
Sisi tuna kopo moja.

Jumamosi ya mkutano tulihesabu mara tatu:
milioni moja, laki nane na elfu sitini na nne.
Fundi Sanga akapiga hesabu mgongoni mwa kalenda,
mabati sitini, mbao, misumari, kofia za paa,
akavua miwani:
"Mkinunua mabati, mbao hamna.
Mkinunua mbao, mtaezeka mawingu."

Wanaume wakaanza kelele za bati.
Geji ishirini na nane, geji thelathini,
la rangi, lisilo na rangi. Mwenyekiti akagonga meza
mpaka mguu wake, uliofungwa kamba, ukaachia.

Ndipo Tusajigwe akasimama. Hakuja mkutanoni,
alikuja kumchukua mwanawe.
"Bati likivuja mtoto analoa, anakauka.
Binti yangu yuko la sita. Kila mwezi siku nne
haji shule, nanyi mnaandika utoro.
Kaangalieni choo. Mlango wake ni gunia."

Kimya. Mvua ikachukua zamu ya kuzungumza.
Nikafunua daftari, kurasa kumi na tisa,
na neno choo halimo, hata mara moja.
Mwandiko wote ni wangu.

Tulijenga matundu manne, milango ya mbao za mlingoti,
komeo kwa ndani.
Komeo, kwa ndani: elfu tatu na mia tano kila moja.
Ukurasa ule hapana kitu cha bei ndogo zaidi,
na hapana nilichokiandika polepole kama hicho.

Nisiseme uongo. Darasa la Tatu bado linavuja.
Mwalimu Kyando ameongeza ndoo ya pili,
saba mara nane inajibiwa na matone kwanza.
Jana Gwantwa amepita, kikapu kichwani,
akauliza bati limefika wapi.
Nikamwambia limefika kwenye salio.
Akacheka, akafungua fundo la kanga,
akarudi stendi akiruka madimbwi.

Salio: elfu moja mia tatu na hamsini.
Jumlisha Gwantwa.